Kuchagua lenzi ndefu kwa kazi ya majina ya ndege na wanyama

Nayaandika makala haya kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa kitivo, hasa wale wanaoandaa kazi ya mwisho wa masomo juu ya majina ya ndege na wanyama katika Mashi, Kitembo, Kilega na lugha nyingine za milima yetu. Wengi mnajua namna tunavyofanya. Mtu anatembea pamoja na mpisteri, anaona ndege, anapiga foto. Jioni au siku ya pili anaketi na wazee, anawaonyesha foto, anaandika jina wanalolitaja. Foto ikiwa mbovu, jina litakalotajwa linaweza kuwa la ndege mwingine, na kosa hilo litaingia katika orodha ya maneno na kukaa humo miaka mingi, kwa maana ni nadra mtu kurudi mlimani kuhakikisha. Ndiyo sababu swali la kifaa si swali la wapiga foto peke yao.

Mwaka huu tunachanga pesa za kununua lenzi moja. Moja tu. Wenzangu kadhaa wanataka ile kubwa ya milimita 150 hadi 600, kwa hoja kwamba ndiyo inayovuta kuliko zote. Mimi napendekeza ndogo ya milimita 70 hadi 300. Nitaeleza kwa nini, na nitaanzia kwenye kitenzi hicho chenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha.

Neno «kuvuta»

Wapiga foto wa mjini husema «objektifu», kwa kufuata Kifaransa. Vitabu vya Kiswahili vinatumia «lenzi», nami nitafuata vitabu. Lenzi ndefu huitwa «ile inayovuta». Sasa tazameni matumizi ya kitenzi hiki: tunavuta kamba, tunavuta maji kisimani, tunavuta moshi wa sigara. Katika mifano yote hiyo kuna kitu kinachotoka mahali pake na kumjia mvutaji. Lenzi haifanyi hivyo. Ndege anabaki pale pale kwenye tawi lake, na hewa, ukungu na majani yaliyo kati yako naye yanabaki vilevile.

Linalotokea ni hili. Lenzi inakusanya mwanga wa kitu kilicho mbali na kuukutanisha nyuma yake, penye fokasi. Umbali kutoka lenzi hadi hapo tunauita urefu wa fokasi, nao hupimwa kwa milimita. Urefu huo ukiongezeka, sura inayoangushwa juu ya sensa inakuwa kubwa zaidi, lakini sensa yenyewe haikui. Kwa hiyo ni sehemu ndogo tu ya yale yaliyo mbele yako inayoenea humo. Iliyobaki inaanguka nje. Kwenye kamera ya sensa kubwa, yenye milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 inaona pembe ya digrii 47 hivi, kutoka kona hadi kona. Ile ya 200 inaona digrii 12, ya 400 digrii 6, ya 600 digrii 4. Anayechungulia kupitia kipande cha mwanzi anaelewa habari hii bila kufundishwa fizikia.

Kitenzi cha haki, basi, kingekuwa «kukata». Lenzi ndefu inakata kipande kidogo cha mandhari na kukitandaza juu ya sensa nzima. (Wahandisi wana maana nyingine tena ya «tele»: kwao ni lenzi iliyoundwa ili mwili wake uwe mfupi kuliko urefu wake wa fokasi. Sitaifuata maana hiyo hapa, ingawa inafaa kujulikana na anayetafsiri vitabu vya fani.) Ukishika neno «kukata», utaanza kuuliza maswali mengine: nikate kiasi gani, na ninapokata ninapoteza nini?

Hesabu ya umbali

Swali la kwanza lina jibu la hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaiweza. Chukua upana wa sensa kwa milimita, uzidishe kwa umbali wa mnyama kwa mita, ugawanye kwa urefu wa fokasi. Jibu ni upana wa eneo utakaloliona, kwa mita. Kamera nyingi tulizo nazo zina sensa ndogo, yenye upana wa milimita 24 hivi. Chozi mdogo wa milimani ana urefu wa sentimita 12 kwa kukadiria. Akiwa mita 10 mbele yako, lenzi ya 300 inaonyesha eneo la sentimita 80; ndege anashika asilimia 15 ya upana wa foto. Foto ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 kwa upana, hivyo ndege anapata nukta 900. Akiwa mita 20, anapata 450. Lenzi ya 200 ingempa 300, ya 400 ingempa 600, ya 600 ingempa 900.

Je, nukta ngapi zinatosha? Kwa kazi yetu naona ndege akipata 400 mzee anaweza kutofautisha umbo la mdomo, rangi ya koo na alama za bawa, mradi foto haikutikisika. Kwa kipimo hicho lenzi ya 300 inafika kidogo kupita mita 20, na ile ya 600 inafika mara mbili yake. Hapo ndipo wenzangu wanaposema: unaona? Lakini nani kati yetu amemwona vizuri ndege wa sentimita 12, mita 40 ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega, bila majani kukatiza? Kwenye njia za msitu, ndege wadogo tunaowaona ni wale wa mita 8, 12, 15. Juu kabisa ya miti mikubwa kuna wengine, nakubali, na lenzi ya 300 haitawafikia vizuri. Hao tutawakosa.

Hesabu hiyo hiyo ina jibu lingine ambalo huwashangaza watu. Mwenzetu mmoja anayetoka Katanga aliniuliza juu ya tambarare za juu za Upemba, ambako bado wako punda milia, akidhani kule hakuna njia ila lenzi kubwa sana. Punda milia ana mwili wa mita 2 na zaidi. Akiwa mita 150, lenzi ya 300 inaonyesha eneo la mita 12, naye anashika karibu moja ya sita ya upana. Yaani punda milia wa mita 150 anaenea kwenye foto kuliko chozi wa mita 10! Ukubwa wa mnyama unaamua sawa na umbali wake. Na kule nyikani, jua likishapanda, hewa ya moto inayotoka ardhini inacheza mbele ya kila kitu kilicho mbali. Foto inakuwa kama imepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi inayoondoa hilo. Dawa ni kuamka mapema.

Sasa geuza upande wa pili. Wanaokwenda kuwatazama gorila huagizwa wasiwakaribie. Kanuni hutaja mita 7 mahali pengine na 10 mahali pengine, na barakoa mdomoni. Kwa mita 10, lenzi ya 300 inaonyesha sentimita 80 kwa 53: uso na kifua cha dume, basi. Ukitaka mama na mtoto mgongoni, na majani wanayokula, unahitaji kushuka hadi 100 au 70. Lenzi inayoanzia 150 haiwezi kushuka hivyo, na kwenye mteremko wa Kahuzi, mianzi nyuma na kiwavi mguuni, huna nafasi ya kurudi hatua kumi. Kwa anayekusanya majina ya mimea ambayo gorila anakula, foto ya uso haimsaidii kitu.

Mwanga

Msitu wa milimani una giza. Kila lenzi ina tundu la kuingizia mwanga, na namba ya f inaonyesha upana wa tundu hilo ukilinganishwa na urefu wa fokasi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/4 kwenda f/5.6 mwanga unapungua nusu, kwenda f/8 unabaki robo, kwenda f/11 unabaki moja ya nane. Ukiwa na lenzi ya f/4 na kamera inakupa moja ya 250 ya sekunde, pale pale lenzi ya f/8 itakupa moja ya 60. Kwa ndege anayegeuza kichwa kila mara, moja ya 60 ni ukungu mtupu.

Tena mkono unatetemeka. Lenzi inayokata kipande kidogo inakuza mtetemo pia. Wazee wa fani wana kanuni: ukishika kamera mkononi, tumia kasi isiyopungua moja chini ya urefu wa fokasi, na kwa sensa ndogo ongeza nusu tena. Lenzi ya 300 inataka moja ya 450, ya 600 inataka moja ya 900. Vituliza-mtikisiko vilivyomo ndani ya lenzi za leo vinasaidia sana, lakini vinatuliza mkono wako, havimtulizi ndege. Jambo hili watu hulisahau wanaposoma matangazo.

Hapa lazima nitaje udhaifu wa lenzi ninayoitetea. Lenzi za 70 hadi 300 zilizo nyepesi zina tundu dogo zikifika mwisho wake: f/5.6 au f/6.3. Lenzi moja isiyobadilika ya milimita 300 yenye f/4 ingetupa mwanga mara mbili au zaidi. Nikon walitoa mwaka 2015 lenzi ya aina hiyo yenye gramu 755 tu, kwa kutumia kioo kinachofuata wazo la Fresnel, yule Mfaransa wa karne ya 19 aliyezipunguzia uzito taa za minara ya bahari. Ni kifaa ninachokitamani. Lakini ile 150 hadi 600 inayotakwa na wenzangu nayo, ikifika mwisho, ina f/6.3. Kwa hiyo katika suala la mwanga haina ubora wowote juu ya ile ndogo, na inadai mkono mtulivu mara mbili.

Kuna kipande cha kuongeza urefu, kinachotiwa kati ya lenzi na kamera. Kile cha 1.4 kinakula nusu ya mwanga, kile cha 2 kinakula robo tatu. Msituni kiacheni.

Uzito

Juu ya uzito sitasema mengi, kila aliyepanda anajua. Kilele cha Kahuzi kiko mita 3,308. Lenzi ya Canon ya 600 f/4, toleo la tatu, ina gramu 3,050, na hiyo ni miongoni mwa nyepesi katika jamii yake. Sigma 150–600 ya kundi la Contemporary ina gramu 1,930. Canon 400 f/5.6, ya tangu 1993, ina 1,250, bila kituliza-mtikisiko. Sigma 100–400 ina 1,160. Nikon 70–300 ya sensa ndogo ina 415, na Canon 55–250 ina 375.

Tofauti ya kilo moja na nusu si ndogo. Ni chupa ya maji, koti la mvua na chombo cha kurekodi sauti. Nami nasema waziwazi: kama ni lazima kuchagua kati ya lenzi kubwa na chombo cha kurekodi, mwanafunzi wa lugha achukue chombo cha kurekodi, kwa kuwa ndege wengi wa msitu hujulikana kwa sauti kabla ya kuonekana. Lenzi ya kilo mbili ina tabia nyingine pia: baada ya saa ya pili inarudi mkobani. Ndege hatakungoja ufungue mkoba. Lenzi ya gramu 400 inaning'inia kifuani siku nzima, na mkono unaifikia bila kutazama.

Swali wanalouliza wazee

Haya niliyosema hadi sasa yangeweza kusemwa na mpiga foto yeyote. Hili linalofuata ni letu.

Nilipokuwa nikionyesha foto zangu, mzee mmoja alishika karatasi, akaigeuza, akaileta karibu na dirisha, halafu akaniuliza: «Mwanangu, huyu ni mkubwa kiasi gani?» Foto ilikuwa safi. Mdomo ulionekana, jicho lilionekana, manyoya ungeweza kuyahesabu. Nikamjibu: «Baba, ni kama kidole hiki.» Akacheka, akasema alikuwa amekwisha kumfikiria ndege wa ukubwa wa njiwa, na akataja jina lingine kabisa.

Baadaye nikaona kwamba karibu wazee wote wanauliza mambo matatu: ukubwa wake, alikuwa juu ya mti gani, na alikuwa juu au chini. Wao hawamjui ndege kama kitabu kinavyomjua, akiwa peke yake juu ya karatasi nyeupe. Wanamjua mahali pake. Na hayo matatu ndiyo hasa lenzi ndefu inayoyakata. Inamwacha ndege mbele ya ukungu wa kijani, bila mti, bila ardhi, bila kitu cha kumlinganisha naye. Foto inayosifiwa na wapiga foto, ambamo nyuma yote imeyeyuka, kwa mwanaleksikografia ni shahidi aliyefungwa mdomo.

Tangu hapo nimeshika desturi ya kupiga foto mbili za kila ndege bila kuondoka nilipo: ya kwanza lenzi ikiwa mwisho wake, 300, na ya pili nikiirudisha hadi 70, ili mti uonekane, na majani yake, na ndege akiwa nukta tu katikati. Ya kwanza inampa mzee mdomo na rangi. Ya pili inampa mahali. Nikiziweka mbili pamoja mezani, majina yanatoka haraka zaidi, na mara nyingi linatoka na jina la mti, ambalo sikuwa nimeliuliza. Shorobo wa milimani aliye kwenye tawi lenye matunda anavuta jina la tunda. Hapo, ndiyo, neno «kuvuta» ni la haki.

Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niiache ile 300 f/4 ninayoitamani, na niikatae ile 150 hadi 600. Ya kwanza haiwezi kurudi nyuma hata kidogo. Ya pili inarudi hadi 150 tu, ambapo kwa ndege wa mita 10 unaona eneo la mita 1 na sentimita 60: tawi, lakini si mti. Ile ya 70 inaonyesha karibu mita 3 na nusu. Mtu atasema abebe lenzi mbili, au apige foto ya pili kwa simu. Kwa simu inawezekana, na anayekosa njia nyingine afanye hivyo. Ila mkono unaotoka kwenye kamera kwenda mfukoni humfukuza ndege, na baadaye kuzioanisha foto za vifaa viwili, mia tatu kwa mia tatu, ni adhabu.

Kununua iliyotumika

Kwa pesa tulizo nazo tutanunua iliyotumika, na hapo macho yanahitajika. Fungueni tundu lote, mwangaze tochi kutoka upande wa nyuma, mtazame kutoka mbele. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba kama buibui ni ukungu wa kuvu. Lenzi hiyo muirudishe kwa mwenyewe hata kama ni ya bure, maana katika unyevu wetu kuvu haikai kimya. Zungusheni pete zote mbili, msikilize kama kuna mchanga. Pigeni foto ya ukuta wa matofali kwenye 70 na kwenye 300, mlinganishe kona zake. Washeni kituliza-mtikisiko na mtazame kama sura inatulia. Na muhakikishe kwamba mdomo wa lenzi unaingia kwenye kamera yetu. Kila kampuni ina wake.

Kofia ya mbele ya lenzi isiachwe dukani. Inazuia matone ya mvua na matawi kuliko inavyozuia jua. Mfuko wa plastiki wenye tundu moja na raba moja unatosha kuwa koti la mvua. Nyumbani, lenzi ikae katika kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu, vikianikwa mara kwa mara. Ukishuka kutoka baridi ya mlimani na kuingia nyumba yenye joto, usifungue mkoba mara moja. Acha nusu saa, vinginevyo maji yataganda juu ya kioo na mengine ndani yake.

Kabla ya hayo yote kuna ruhusa ya ICCN kwa anayeingia hifadhini, na habari za usalama wa njia, ambazo mpisteri huzijua kuliko redio. Na kwenye kiota hatupigi foto, hata lenzi ikiwa ndefu namna gani.

Kila foto iandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, kimo cha mlima, jina la mpisteri kama amekubali litajwe, namba ya foto yake ya pili, na milimita zilizotumika. Hizo milimita kamera inaziandika yenyewe ndani ya faili. Pamoja na umbali uliokadiriwa, mtu anaweza kuirudia ile hesabu kinyumenyume na kupata urefu wa ndege, hata miaka kumi baadaye, mzee mwingine atakapouliza ni mkubwa kiasi gani.